Kuni Kavu za Asekon

Jua la Lopur halina adabu. Ikifika saa tatu asubuhi kila mwenye akili zake yuko kivulini au kifua wazi, na ndiyo maana Asekon alishangaa kumkuta mwanawe Lotiir zizini amejigubika shuka hadi shingoni kama ajuza mwenye homa. Nzi walikuwa wamemjaa begani, upande wa kushoto, naye hakuwafukuza.

"Umeumia?"

"Mwiba tu, baba."

Naibu wa chifu ambaye pia ni mzee wa kanisa hadanganyiki kwa mwiba. Kazi zote mbili ni za kusikiliza uongo, moja kwa mshahara na nyingine kwa sadaka, na Asekon alikuwa amezifanya mpaka nywele zikaanza kumgeuka. Alisogea, akaishika shuka kwa ncha, akaivuta.

Chale zilikuwa mbichi, safu kwa safu kutoka begani kushuka kifuani, zimepakwa majivu, na baadhi zimeanza kutunga usaha. Alama za namna hiyo Mturkana huzisoma hata kama hajawahi kukanyaga darasani. Aliyeua adui huchanjwa, damu yake imwagike kidogo ili roho ya marehemu isimfuate ikamtia kichaa. Akiwa ameua mwanamume, huchanjwa bega la kulia. Bega la kushoto ni la mwanamke.

Na mwanamke aliyeuawa pande zile mwaka huo wa tisini na sita, mwaka wa ukame, alikuwa mmoja. Aliitwa Ayak, mkimbizi kutoka Sudan, mke wa Biar. Alikutwa wiki iliyotangulia kando ya mto Tarach, kichwa kimepasuka, mzigo wake wa kuni umelala pembeni bado umefungwa. Polisi walimkamata Nanok, mchoma mkaa, kwa sababu walimkuta na shoka la marehemu. Nanok alisema aliliokota. Nani angemsikiliza? Alikuwa maskini asiye na mbele wala nyuma, hana mbuzi, hana ndugu wa kumlilia. Lopur nzima ilishusha pumzi, na Asekon, tusimfichie, alishusha pumzi pamoja nao. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha polisi kibanda cha Nanok.

"Ni wewe," alimwambia mwanawe. Hakuwa anauliza.

Lotiir aliinama. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini, mchapakazi, na mpaka asubuhi ile babake alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yake bila hata kufikiri.

"Alikuwa mwizi, baba. Nilimkuta ndani ya ekwar yetu anavunja matawi ya mgunga wa babu. Nikamwambia toka. Hakutoka. Akawa anajipiga kifua, anasema 'Asekon! Asekon!' Mwanamke mgeni, analitaja jina lako kavukavu kama anaita mbwa. Nikampiga fimbo moja. Akaanguka, kichwa kikapiga jiwe. Sikutaka afe. Nilipoona amekufa niliogopa, nikaenda kwa mzee mmoja kule milimani akanichanja."

Ekwar ni kipande cha miti kando ya mto ambacho familia hurithi kutoka kwa babu. Mgeni haingii bila ruhusa, hata kuokota ganda la mbegu. Kiangazi kikikaza na nyasi zikaisha, mbuzi huishi kwa maganda ya migunga ile, na mbuzi wakiishi watu nao wanaishi. Mpita njia huona kichaka tu, lakini watu wameuana kwa ajili ya vichaka hivyo tangu zamani, na kila kijana wa Kiturkana hufundishwa kuvilinda kabla hajafundishwa kitu kingine.

Asekon aliketi chini, pale pale kwenye samadi. Alijua kwa nini Ayak alikuwa akilitaja jina lake.

Mwezi mmoja kabla, kamati ya amani ilikuwa imekutana Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, Waturkana upande huu na wakimbizi upande ule, wametazamana kama watu wanaosubiri kipenga. Mahindi ya msaada hayaliwi mabichi. Wanawake wa kambini walikuwa wakitoka kutafuta kuni na kurudi na majeraha, na wenyeji nao walikuwa wakiikuta migunga yao imekatwa ikiwa hai. Kila mmoja alikuwa na haki yake na kila mmoja alikuwa ameshika fimbo. Ndipo Asekon aliposimama na kofia yake ya kazi kichwani.

"Miti mibichi, hapana," alisema. "Matawi makavu, chukueni. Na tusianzie kwa mtu mwingine, tuanzie kwangu. Ekwar yangu iko pale Tarach inapopinda. Mtu akiwauliza, mtajeni Asekon."

Watu walipiga makofi. Hata Waturkana walipiga makofi, maana kila mmoja alifurahi kwamba si miti yake. Biar, mzee wa kanisa la kambini, Mdinka mwenye mistari ya chale kwenye paji la uso, alikuja akamshika mkono asiuachie. Wakaomba pamoja mbele ya wote. Asekon alirudi Lopur kwa miguu akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu siku aliyobatizwa, furaha ya kiongozi aliyetenda haki na kuonekana akiitenda.

Nyumbani hakusema kitu.

Si kwamba alisahau. Afadhali angesahau. Mkewe Nakaale ndiye aliyekuwa akizikusanya kuni kavu za ekwar ile na kuziuza, na mbuzi wake ndio waliokuwa wakila maganda yake. Asekon alijua akimwambia tu, nyumba itawaka moto. Akasema atamwambia kesho. Kesho yake kulikuwa na kikao, siku iliyofuata kulikuwa na ibada, kisha ikawa jambo lenyewe limechacha na hajui pa kuanzia. Akajitia hamnazo. Alikuwa mtu wa kutatua ugomvi wa kaya mia nne, lakini ugomvi wa nyumbani kwake ulimtisha kuliko risasi za wavamizi. Na hivyo Lotiir aliendelea kuilinda ekwar ya babu yake kama alivyofundishwa, na Ayak akaingia humo akiwa na jina la Asekon mdomoni badala ya kibali.

Asekon alishuka mtoni peke yake, akapiga magoti kwenye mchanga wa moto, akaomba. Hatuwezi kujua alichojibiwa. Tunachojua ni kwamba alirudi kabla jua halijafika utosini akamwambia Lotiir, "Twende Kakuma. Nanok hawezi kulala ndani kwa damu isiyo yake."

Nakaale alijitupa njiani mbele yao. Alilia, akamshika mumewe miguu, akamtajia kila mtoto waliyemzika kabla ya huyu. Lotiir ndiye aliyemwinua mamake. Hakukimbia, ingawa milima ilikuwa karibu na miguu yake ilikuwa na nguvu. Alimwamini babake.

"Utawaambia nilidhani ni mwizi?" aliuliza walipokuwa njiani.

"Nitasema ukweli," Asekon alijibu.

Na kweli aliusema, nusu. Alimwambia afisa wa zamu kwamba huyu ndiye aliyempiga yule mama, akaonyesha bega, akataka Nanok aachiliwe. Afisa aliduwaa. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona wazee wakileta mbuzi kuwaficha watoto wao, hajaona anayemleta mtoto mwenyewe. Aliandika aliyoambiwa. Hakuuliza marehemu alikuwa akitafuta nini katika ekwar ile, na Asekon hakumwambia.

Sifa zilianza siku hiyo hiyo. Mkuu wa tarafa aliitisha baraza, akamsimamisha Asekon mbele ya umati, akasema kwa Kiingereza kisha karani akatafsiri kwamba nchi ingekuwa na viongozi kumi wa namna hii isingehitaji magereza. Asekon alisimama akivishwa kilemba cha ukoka, jasho likimtiririka mgongoni, akaitikia kwa kichwa. Nanok alikuwepo barazani, amekonda, midomo imepasuka. Baraza lilipoisha alipita mbele ya Asekon bila kumsalimu.

Jumapili wakimbizi walimwalika kwenye kanisa lao la kambini, kanisa la matope lililoezekwa kwa turubai. Mchungaji alihubiri habari za yule kuhani wa kale aliyewaacha wanawe wafanye maovu na asiwakemee, hadi nyumba yake ikaanguka. "Lakini hapa," akasema, akimnyoshea mkono Asekon kwenye benchi la mbele, "tunaye baba ambaye hakumpenda mwanawe kuliko haki." Wanawake wa Kidinka walipiga vigelegele. Mkate wa Bwana ulipomfikia, Asekon aliupitisha kwa jirani yake bila kuumega. Hilo nalo likawa sifa. Walisema ni unyenyekevu, walisema ni huzuni ya mzazi. Mtu akishapewa jina jema, hata dhambi yake husafishwa na wengine kabla yeye hajainawa.

Baada ya ibada Biar alimfuata nje. Alikuwa amezeeka kwa wiki zile chache.

"Ejok, Asekon."

"Ejok, ndugu yangu."

"Mimi nataka kusema kitu moja." Biar alimshika mkono kama siku ile ya kamati. "Watu ya kambi nasema, hawa Turkana nadanganya sisi na maneno ya kuni. Mimi nasema hapana. Asekon iko mtu ya kweli. Yeye naambia sisi, na yeye naambia nyumba yake. Lakini kijana nakataa maneno ya baba. Hata kwetu Bor iko watoto namna hiyo. Hiyo si makosa yako."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Asekon angeweza kusema, sikuiambia nyumba yangu. Ni maneno matatu. Mkono wa Biar ulikuwa mkavu na wa moto ndani ya mkono wake, na kilichomtoka ni hiki: "Mungu akufariji, ndugu yangu."

Akaondoka haraka, akajichukia njia nzima.

Kama Asekon angekuwa mtu mbaya, hadithi hii ingekuwa fupi. Alikuwa na sababu zake, na zilikuwa sababu za mtu anayebeba wengine. Akisema, kamati itavunjika. Wakimbizi watasema neno la Mturkana ni upepo. Vijana wa Lopur watasema naibu wa chifu aligawa miti ya babu zake kwa wageni bila kumuuliza mtu, na watatoka na fimbo. Wanawake wengine watapigwa kwa sababu ya kuni. Tangu Lotiir apelekwe mahabusu Lodwar, hakuna aliyemgusa mwanamke mtoni, na kilichowalinda ni jina la Asekon. Alijirudia sababu hizo asubuhi na jioni. Ubaya wake ni kwamba zilikuwa za kweli, na mwoga akipata sababu ya kweli hatoki tena mafichoni.

Nakaale alikuwa amemwachia kitanda. Alikuwa akimpikia, anamwekea chakula, anaondoka. Siku aliyorudi kutoka Lodwar kumwona mwanawe mahabusu, hakuondoka. Aliketi mbele yake, akamwangalia mpaka kijiko kikamwanguka.

"Lotiir ameniambia jambo," alisema. "Askari wamemuuliza kwa nini alikaidi amri ya babake. Yeye anasema hakukuwa na amri. Wanamcheka. Wanasema Asekon hawezi kutoa neno huko nje halafu nyumbani asilitoe. Amri gani hiyo, baba Lotiir?"

Ilibidi amwambie. Alimwambia yote, na kadiri alivyokuwa akisema ndivyo alivyozidi kusikia jinsi lilivyokuwa jambo dogo, jambo la kusemwa wakati mtu anavua viatu.

Nakaale hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomwogopesha.

"Ungeniambia, ningegomba," alisema. "Ningegomba siku mbili, ningekutukana wewe na kamati yako. Siku ya tatu ningemwambia mwanangu, waache hao wanawake wachukue kuni, babako ameshasema. Na yule mama angekuwa anapika mahindi yake sasa hivi."

"Nakaale."

"Ngoja. Ulipomtoa Lotiir nilisema moyoni, huyu mwanamume ana Mungu, mimi sina, acha ninyamaze. Kumbe ukweli umeugawa kama nyama. Mtoto umempa mfupa, wewe umebaki na paja." Alisimama, akachukua sahani. "Wanasema kama alijua, aliua kwa kukusudia, na hiyo ni kitanzi. Kama hakujua, ni kifungo. Anayejua kama alijua ni wewe peke yako. Mimi nikisema, nitaambiwa ni mama."

Kesi ilisikizwa Lodwar, katika chumba chenye bati ambalo lilikuwa likilia kwa joto. Hakimu ndiye angeamua kama Lotiir atapelekwa Mahakama Kuu ya Kitale kujibu shtaka la kuua kwa kukusudia au la. Chumba kilijaa. Upande mmoja walikaa wakimbizi waliokuja na lori, upande mwingine watu wa Lopur, na mkuu wa tarafa akapewa kiti mbele. Nakaale alikaa sakafuni karibu na mlango. Lotiir aliletwa na pingu, shuka yake imefungwa bega la kulia, chale za kushoto ziko nje kila mtu azione.

Biar aliitwa kwanza. Alisema kwa Kiswahili chake, polepole, kama mtu anayevuka mto.

"Asekon nasimama kwa kamati. Nasema, kuni kavu nyinyi chukua, ekwar yangu, taja jina yangu. Sisi wote nasikia. Mimi nakwenda nyumbani, naambia bibi yangu, usiende mahali ingine. Kwenda kwa Asekon. Huko iko salama." Alitazama mikono yake. "Yeye nakwenda."

"Na mshtakiwa," akauliza mwendesha mashtaka, "alijua makubaliano hayo?"

"Iko najua. Lazima. Baba yake iko Asekon."

Watu wa pande zote mbili waliitikia kwa vichwa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana Waturkana na wakimbizi tangu kesi ianze. Lotiir alisema kwa Kiturkana, "Sikujua," na karani akatafsiri, na mtu mmoja nyuma akacheka. Mwendesha mashtaka akaonyesha lile bega. Alisema kijana huyu alikaidi amri halali ya babake, akamwua mwanamke aliyekuwa na ruhusa, kisha akajichanja kujisifu. Asekon alitazama jinsi mambo yalivyokaa sawasawa na akaelewa kilichokuwa kikitendeka. Hakuna shahidi aliyekuwa akimfunga mwanawe kitanzi. Kilichokuwa kikimfunga ni sifa zake yeye, uaminifu wake wa miaka yote, na hakuna mtu chumbani aliyekuwa na shaka nao.

Wakamwita. Alipanda kizimbani, akaapa kwa Biblia. Mwendesha mashtaka alitaka mambo mawili tu kwake, aliyoyaona begani na maneno ya mwanawe zizini. Aliyasema. Aliyaeleza na yale ya kuchanjwa, kwamba kijana anayechanjwa si lazima awe anajisifu, mara nyingine anaogopa. Hakimu aliandika.

"Umemaliza, mzee?"

Angeweza kushuka. Mkuu wa tarafa alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama fahali wake kwenye maonyesho. Biar alikuwa akimtazama. Nakaale peke yake ndiye alikuwa ameinamisha uso, kama mtu aliyekata tamaa zamani.

"Bado," alisema Asekon. "Kuna jambo hamkuniuliza."

"Sema."

"Kijana amesema hakujua. Ni kweli hakujua. Sikumwambia. Sikumwambia yeye, sikumwambia mamake. Niligawa kuni za nyumba yangu mbele ya watu, nikapigiwa makofi, nikaja nyumbani nikanyamaza kwa sababu niliogopa ugomvi. Nilisema nitawaambia kesho. Yule mama alijipiga kifua akilitaja jina langu kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia alitaje, na huyu alilisikia kama matusi kwa sababu mimi ndiye niliyemwacha gizani. Fimbo ni yake. Atajibu kwa fimbo yake. Lakini hayo mengine ni yangu."

Bati lililia. Mwendesha mashtaka alisimama taratibu, sauti yake ikiwa na huruma ambayo iliuma kuliko ukali.

"Mzee, sisi sote ni wazazi. Wewe unajaribu kumwokoa mwanao."

"Mwanangu nilimleta mwenyewe."

"Basi kwa nini hukusema haya kwa polisi? Kwa nini hukusema barazani? Umekaa na haya maneno muda wote huu, mtu anaelekea kunyongwa. Uliogopa nini?"

Asekon aliangalia chumba kizima, sura moja baada ya nyingine, watu aliowaamulia kesi zao, watu aliosimamia ubatizo wa watoto wao.

"Niliogopa mtanitazama hivi mnavyonitazama sasa," alisema.

Kesho yake hakimu alitoa uamuzi. Shtaka la kukusudia halikusimama. Lotiir alikubali kosa la kuua bila kukusudia akapewa miaka kumi na miwili. Kuhusu shahidi, hakimu alisema mahakama imemwamini, kwa kuwa mtu hajizulii aibu ya namna ile, lakini akaongeza kwamba neno hilo kama lingesemwa nyumbani siku ya kwanza lingemwacha mwanamke hai, na kama lingesemwa siku maiti ilipokutwa lingemwokoa Nanok kwenye pingu. Mkuu wa tarafa alitoka bila kugeuza shingo. Asekon alijua kofia ile ataitwa airudishe, na kwamba watu wa Lopur walikuwa wameanza kunong'ona habari za miti iliyogawiwa wageni. Yote aliyoyaogopa yalikuwa yakija, moja moja, kwa zamu.

Lotiir alitolewa nje kwenda kwenye gari la magereza. Jua lilikuwa kali na nzi walikuwa wameanza tena. Alijaribu kuivuta shuka ifunike bega akashindwa kwa sababu ya pingu. Askari alimwacha Asekon asogee. Aliishika shuka kwa ncha, akaivuta juu ya zile chale, akaifunga kifundo shingoni.

"Nani atailinda ekwar?" Lotiir aliuliza.

"Mamako ataamua," alisema Asekon. "Safari hii nitamuuliza."

Kijana hakutabasamu. Alipanda gari.

Biar alikuwa amesimama kando ya ukuta, pale kivuli kilipoanzia. Asekon alimwendea. Hakunyosha mkono, na Biar hakunyosha wake.

"Mtoto yako," alisema Biar, "mimi nasamehe. Jana nasamehe, hapo ndani, mbele ya Mungu. Yeye iko hajui." Alitafuta maneno katika lugha ambayo si yake. "Mimi natuma Ayak kwako. Iko miti mingi. Mimi nasema, kwenda kwa Asekon. Halafu wewe nakuja kanisa yetu, wewe nashika mkono yangu, mimi nasema hiyo si makosa yako, na wewe nanyamaza. Wewe iko najua."

"Ndiyo," alisema Asekon.

"Mtoto, sawa. Wewe, bado. Mimi naomba Mungu nisaidie, lakini bado."

"Ndiyo," alisema tena.

Lori la kurudi Kakuma siku hiyo lilikuwa moja tu. Walipanda wote, wakimbizi na watu wa Lopur, wakajibana juu ya magunia ya mahindi. Biar aliketi mbele, nyuma tu ya kichwa cha gari, Asekon akaketi mwisho karibu na mlango, na Nakaale, baada ya kusita, akaketi pembeni yake. Kofia ya kazi Asekon aliishika magotini. Vumbi liliwafunika wote rangi moja mpaka Kakuma.